GPS ya mkononi baharini: weka alama ya mlango kabla ya alama ya samaki

Mvuvi akipata GPS, kifaa kinachotumia setilaiti kuonyesha mahali ulipo, kwanza hukimbilia kuhifadhi alama, yaani namba za mahali, ya mwamba wake wa samaki. Kifaa kitamrudisha pale hata kama nchi kavu haionekani, ni kweli. Lakini alama inayookoa maisha ni ya mlango, yaani ile njia ya maji kati ya miamba ambayo chombo hupita kurudi bandarini. Mvua ikifunga usiku na taa ya mnara isionekane, mlango huo ndio utakaoutafuta.

Weka alama hiyo mchana, maji yakiwa yamekupwa na miamba iko wazi. Weka mbili: moja nje ya mlango, mita 200 hivi kuelekea bahari kuu, nyingine ndani. Ukirudi, fuata kwanza ile ya nje, punguza mwendo, ndipo uiamuru GPS ikupeleke kwenye ya ndani. Mshale wa GPS hufuata mstari ulionyooka. Haujui fungu la mchanga, mwamba wala nyavu za watu. Unguja wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka karibu mita 4, na ulipopita alfajiri kwa raha, jioni panaweza kuwa jiwe tupu. Ramani inayokuja ndani ya kifaa usiitegemee karibu na pwani, kwani nyingi huonyesha ukingo wa nchi tu.

Mipangilio ifanyike nyumbani, si kwenye mawimbi. Mfumo wa ramani uwe WGS 84. Ramani nyingi za zamani za Tanzania na Kenya zilichorwa kwa mfumo wa Arc 1960, na ukichanganya mifumo hiyo miwili utakosea kwa karibu mita 300. Baharini namba huandikwa kwa nyuzi, dakika na desimali za dakika. 6°09.500' ni nyuzi 6 na dakika 9 na nusu. Mwenzako akiisoma kama dakika 9 na sekunde 50, atakutafuta zaidi ya mita 600 kutoka ulipo. Dakika moja ya latitudo ni mita 1,852. Tarakimu ya tatu baada ya nukta ni kama mita 2. Na ukiingiza namba kwa mkono, hakikisha herufi: kuanzia Lamu hadi Mtwara latitudo ni S. Ukiacha N, kifaa kitakuelekeza upande wa pili wa ikweta bila kulalamika.

Washa GPS ufukweni, anga ikiwa wazi juu yake, usubiri ishike setilaiti zisizopungua 4. Kama imekaa miezi bila kutumika, ipe robo saa. Betri nyingi ni mbili za AA. Chagua kwenye menyu aina uliyotia, ya alkalini au ya kuchaji, la sivyo kipimo cha chaji kitakudanganya. Kiwanda hutaja saa nyingi za kazi kwa jozi moja, lakini betri za bei ndogo hazifiki huko. Beba jozi mbili za akiba ndani ya chupa kavu yenye kifuniko, wala usichanganye betri kuukuu na mpya. Kiwango cha IPX7 maana yake ni kwamba kifaa huvumilia mita 1 ya maji kwa dakika 30, na hakimaanishi kwamba kifaa kinaelea. Kifunge kamba. Ukirudi, kisuuze kwa maji yasiyo na chumvi kabla ya kufungua mfuniko wa betri, kwa sababu chumvi kidogo kwenye mpira wake inatosha kuingiza unyevu, kisha sehemu zinazogusana na betri huota kutu ya kijani.

Sasa samaki. Alama nyingi huharibika kwa sababu ya nanga. Kwenye kina cha mita 30, ukilegeza amari (kamba ya nanga) ya mita 90, chombo kinaweza kutulia mita 85 kutoka nanga ilipo. Aliyebonyeza kitufe wakati wa kutosa nanga amehifadhi mahali pasipo na samaki. Subiri chombo kitulie na mshipi uanze kuvutwa, ndipo uhifadhi. Siku ya pili, pita juu ya alama, panda dhidi ya mkondo au upepo, kwa kile kinachokisukuma chombo zaidi, kwa urefu uleule, kisha tosa. Jina la alama libebe kina na samaki: CHANGU28 litakufaa kuliko 017.

Kabla ya kutosa, zima mashine dakika mbili utazame skrini. Mwendo unaouona ni wa kusukumwa, na upande wake ni huko chombo kinakopelekwa. Mkondo wa pwani yetu huelekea kaskazini na hupata nguvu wakati wa kusi, upepo wa kusini. Ukipigana na mkondo wa noti 2 (maili 2 za bahari kwa saa) huku chombo kikienda noti 6, unasonga kwa noti 4: maili 20 za bahari zilizotaka saa 3 na dakika 20 sasa zinataka saa 5, na mafuta nusu zaidi. Hesabu hiyo ifanywe mapema, tangi lingali zito. Dira ya sumaku isibaki nyumbani. GPS isiyo na dira ndani yake hujua upande chombo kikiwa mwendoni tu. Ukisimama, mshale huzunguka ovyo.

Wengi wanaamini kwamba mwenye GPS ataonekana. Hapana. GPS hupokea tu, haitumi chochote. Kinachotuma ni redio ya VHF kwenye chaneli 16, simu ikiwa na mtandao, au kile kifaa cha dharura cha masafa ya 406 MHz. Simu inaweza kuonyesha mahali ulipo bila mtandao, lakini vidole vilivyolowa havielewani na skrini yake. Mtu akianguka majini, mmoja amnyooshee kidole asiondoe macho, mwingine abonyeze MOB, kitufe cha kuhifadhi mahali mtu alipoanguka, papo hapo. Jifunze mapema kilipo kitufe hicho. Kwenye redio taja jina la chombo, latitudo kisha longitudo tarakimu kwa tarakimu, idadi ya watu na tatizo, halafu rudia.

Namba za mlango na za mwamba unaokwenda ziandikwe pia kwa penseli kwenye daftari, na nakala pamoja na saa ya kurudi aachiwe mtu wa nchi kavu anayejua nani wa kumpigia saa hiyo ikipita.