Usiiuze hiyo Strat bado

Buda, kama unataka kuuza Strat yako, hiyo gitaa ya umeme ya Fender Stratocaster, juu inachoma masikio ukiiweka pikapu ya briji (kile kinasa sauti cha nyuzi kilicho karibu na daraja) na kidole kinagonga nobu ya volyumu ukipiga benga, gitaa haijaharibika, ndio ilivyoundwa tangu 1954, nobu mbili za toni ni za pikapu ya shingo na ya katikati, ya briji ikaachwa hivyo tu. Mimi ningeanza hapo. Fungua ile plastiki ya mbele, kwa swichi ya kuchagua pikapu unga kawaya kafupi kutoka kwa mguu wa toni ya katikati hadi ule wa briji, sasa nobu moja inahudumia zote mbili, fundi yeyote wa redio huko Luthuli Avenue, Nairobi, atakuchomelea. Nobu ya volyumu nayo ihamishie tundu la katikati, kidole kisiigonge. Kuweka humbucker, ile pikapu ya koili mbili, ngoja kwanza.