Mashine ya gemu isiyo na sehemu ya CD, nichukue au niachane nayo?

SWALI: Kaka habari za kazi, naomba unisaidie maana nimeshachanganyikiwa. Tunataka kununua PS5 ya nyumbani, kuna yenye sehemu ya CD na kuna isiyo nayo, isiyo nayo bei iko chini kidogo. Mume wangu anasema CD zimepitwa na wakati tuchukue ya bei nafuu, mdogo wangu yeye anasema nikithubutu tu nitajuta. Tuna PS4 ya zamani na CD zake 14, watoto wawili, na intaneti ya nyumbani ipo ila haina kasi, kama Mbps 10 hivi. Nimsikilize nani? – Mama wa wawili

JIBU: Nzuri dada yangu, pole na huko kuchanganyikiwa. Nikujibu kwanza ndo nieleze: kwa hali uliyoniandikia chukua yenye sehemu ya CD.

Kilichonifanya niseme hivyo haraka ni zile CD 14. PS5 yenye sehemu ya CD inasoma CD za PS4 karibu zote, unachomeka mtoto anacheza, lakini ukileta ile nyingine hizo 14 zinabaki makasha tu kabatini, na wala hakuna utaratibu wa kupeleka CD wakakuwekea gemu ileile kwenye akaunti, utainunua upya kwa hela yako. Sasa piga hesabu. Zilipotoka Novemba 2020 kule Marekani yenye CD ilikuwa dola 499 na isiyo nayo 399, zilipokuja zile nyembamba mwaka 2023 tofauti ikabaki dola 50 tu, na gemu kubwa mpya inauzwa dola 70. Yaani hiyo nafuu anayoisema shemeji haifiki hata gemu moja, na wewe una 14 mkononi tayari.

Ila shemeji nisimwonee, ana hoja. Mimi nyumbani ninayo hiyohiyo isiyo na CD na kuna siku naipenda kweli, umekaa zako unatoka gemu ya mpira unaingia ya magari bila kunyanyuka kwenye kochi, hakuna CD ya kukwaruzika, hakuna mtoto wa kupoteza kasha wala kuweka CD kifudifudi juu ya meza akaiburuta, na kile kifaa cha kuzungusha CD ni chuma kinachozunguka, kinapiga kelele na siku moja kinachoka, kwangu hakipo kwa hiyo hakiwezi kufa. Gemu mpya naidaunlodi siku mbili kabla haijafunguliwa, saa ikifika nacheza. Na ofa za duka la mtandaoni zikija zinakuja kweli, gemu ya mwaka juzi unaikuta imeshushwa zaidi ya nusu bei.

Halafu siku moja mtoto wa dada yangu akaja likizo na gemu yake, kaifunga vizuri ndani ya tisheti isije ikavunjika, amesafiri nayo njia nzima akijua anko ana PS5. Akaipapasa mashine mbele, akaipapasa pembeni, akaizungusha, akaniuliza, "Anko, inaingilia wapi?" Nikamwambia hii haina. Hakulia, aliirudisha kwenye tisheti taratibu akaiweka kwenye begi. Iliniuma mpaka leo, kwa sababu pale ndo nilielewa nilichokiacha: kuazimana, kubadilishana, kumuuzia mtu ukishaimaliza ili upate ya kuongezea kwenye nyingine, hayo yote yanaondoka na kile kitundu. Na bei inabaki ya muuzaji mmoja, aliyetengeneza mashine ndo mwenye duka, akigoma kushusha unasubiri.

Kuna jambo zito zaidi, watu wengi hawalijui. Ukibonyeza kile kitufe cha kununua, gemu haiwi mali yako kama kiatu, unapewa ruhusa ya kuicheza kwa masharti ya mwenye duka. Jimbo la California liliona hili likatunga sheria, ikaanza tarehe 1 Januari 2025, duka la mtandaoni lazima limwambie mnunuzi waziwazi kwamba anachopata ni leseni. Na maduka yanafungwa dada, si maneno ya kutishana. Nintendo walifunga duka la mashine zao za zamani, Wii U na 3DS, tarehe 27 Machi 2023, la Xbox 360, mashine ya zamani ya Microsoft, likafungwa 29 Julai 2024. Waliokwisha kununua waliachiwa wadaunlodi tena, sawa, lakini kununua ndo basi, gemu iliyokuwa pale tu haipatikani kokote. CD ya Xbox 360 leo bado unaweza kuipata kwa mtu na ikacheza.

Mdogo wako naye usimwache akavimba kichwa sana, maana CD siku hizi si kama zamani. Gemu hailazwi kwenye CD ikachezwa humo, inanakiliwa yote kwenye memori ya mashine na CD inabaki kama ufunguo tu, kwa hiyo nafasi inaliwa vilevile. Kuna makasha unafungua unakuta karatasi yenye namba za kudaunlodi, CD hamna. Na kuna gemu zinazotegemea seva, yaani kompyuta za kampuni zilizoko mtandaoni: The Crew, gemu ya magari ya kampuni ya Ubisoft, ilizimiwa seva zake 31 Machi 2024, mwenye CD na asiye na CD wote wakakosa.

Hiyo intaneti yenu nayo inanipa wasiwasi. Gemu ya GB 100 kwa Mbps 10 ni masaa 22 hivi, tena hapo hakuna hata mtu mmoja ndani anayeangalia video. Yenye CD sehemu kubwa ya mzigo inatoka kwenye CD yenyewe, mnabaki na apdeti, ambazo na zenyewe si ndogo lakini mnalala zinaisha. Shemeji akinunua gemu mtandaoni siku ya ofa anunulie kwenye akaunti moja, ingieni kwenye mipangilio mhakikishe ile sehemu ya kushirikisha mashine na kucheza bila intaneti imewashwa, watoto wote wawili watacheza kila mmoja na akaunti yake bila kununua mara mbili. Kwenye hilo yuko sahihi kabisa, na yenye CD haikuzuii kufanya hivyo. Ile isiyo na CD ndo inakuzuia upande wa CD.

SWALI: Oya bro, mi naishi peke yangu, CD sijawahi kumiliki hata moja, nacheza gemu ya mpira mwaka mzima na zingine mbili tatu, intaneti yangu haina kikomo na inakimbia. Nimeipenda Xbox Series S, ile isiyo na sehemu ya CD, kuna ubaya?

JIBU: Chukua mdogo wangu, hiyo mashine ilitengenezwa kwa ajili ya mtu kama wewe. Jua mambo mawili tu. La kwanza, ile ya mwanzo imeandikwa GB 512 lakini zinazobaki za kuwekea gemu ni kama 364, gemu kubwa tatu nne imejaa, sasa kama unaweza tafuta ya TB 1. Na nguvu ya picha ni ndogo kuliko kaka yake mkubwa Series X, usiinunue ukitegemea picha kali za 4K.

La pili ni akaunti, na hapa naomba unisikie vizuri. Mwaka juzi mtu aliingia kwenye akaunti yangu ya gemu akabadilisha email na paswedi. Siku 11 nilikuwa nawasha mashine naona gemu zangu zote pale kwenye skrini, kila moja ina kikufuli kidogo pembeni, hakuna hata moja inayofunguka, na huduma kwa wateja wananijibu majibu yaleyale ya kunakili. Mwenye CD angechomeka akacheza. Mimi sikuwa na cha kuchomeka. Kwa hiyo siku utakayoifungua hiyo mashine, kabla hujadaunlodi chochote, washa uthibitisho wa hatua mbili, yaani mbali na paswedi unaombwa na namba ya siri ya pili, zile namba za akiba wanazokupa ziandike kwenye karatasi utunze mbali na simu, na risiti za manunuzi usizifute kwenye email, ndizo zilizonirudishia akaunti yangu.

SWALI: Nilishanunua PS5 isiyo na CD, sasa nimepewa zawadi ya gemu tatu za CD. Naweza kuchomeka kisomeo cha CD cha kompyuta kwa USB?

JIBU: Hapana, PS5 haitakitambua, usipoteze hela. Angalia una toleo gani. Kama ni lile la mwanzo la 2020, nene, lenye umbo la kujikunja, halina namna ya kuongezewa. Kama ni jembamba la kuanzia 2023, au PS5 Pro ya 2024, kuna kisomeo chake maalumu kinachouzwa peke yake, unavua bamba la pembeni unakipachika mwenyewe bila fundi. Siku ya kukipachika hakikisha intaneti ipo, maana mara ya kwanza lazima mashine ikisajili mtandaoni ndo kifanye kazi, na ukija kukihamishia kwenye mashine nyingine utakisajili upya. Na kama toleo lako ndo lile la zamani, usiziuze hizo gemu tatu haraka, muulize kwanza aliyekupa kama bado ana risiti, pengine muuzaji atakubali kubadilisha kama hujafungua nailoni.