Nilizikunja zikiwa safi, nimezikuta na madoa

Barua za safari hii karibu zote zinahusu nguo za watoto wachanga. Nimezifurahia, kwa sababu ndiyo kazi iliyokaa mikononi mwangu kuliko nyingine yoyote. Kabla ya kuandika ukurasa huu nilifua nguo za wodi ya wazazi kwa miaka 11: mashuka, shali, na vifulana ambavyo ukivitandaza havizidi upana wa viganja viwili. Nimechagua barua nne. Ya kwanza nitaijibu kwa urefu, maana wengi wenu mmeuliza jambo hilohilo kwa maneno tofauti.

Shikamoo bibi. Mwanangu wa kwanza alipozidi nguo zake nilizifua zote, nikazipiga pasi, nikazikunja na kuzifungia kwenye sanduku pamoja na vidonge vya nondo. Sasa nina mimba ya miezi minane. Juzi nimefungua sanduku, nikakuta madoa ya njano shingoni na kifuani, karibu kila nguo. Nakuapia bibi, nilizikunja zikiwa nyeupe. Huu ni uchafu gani? Nizitupe?

Marahaba mwanangu. Usizitupe, na usijilaumu, maana hukuficha uchafu sandukuni ukiujua. Yalikuwemo maziwa.

Hebu zitazame tena uone madoa yalipo. Yamekaa shingoni na kifuani, na nina hakika bega moja limezidi jingine, upande ambao mtoto alizoea kucheulia. Maziwa, yawe ya mama au ya kopo, yana protini na mafuta. Yakikauka kwenye pamba nyeupe huwezi kuyaona. Sabuni ikipita kwa haraka, mafuta kidogo hubaki ndani ya nyuzi, na nguo ikianikwa inang'aa kama kawaida. Miezi ikipita, mafuta hayo yanachacha kwa sababu ya hewa na kugeuka njano. Nusa doa lenyewe, lisogeze puani kabisa: utapata harufu ya mafuta ya zamani. Na pasi uliyopiga kwa nia njema iliyaoka mabaki hayo yakazidi kushika.

Doa la namna hii linataka muda. Nguvu hazilisaidii, kwa hiyo usianze kwa kufikicha. Jioni, jaza beseni maji ya uvuguvugu, yale ambayo ukitumbukiza kiwiko unasikia joto lakini hutamani kukitoa. Weka sabuni ya unga yenye vimeng'enya. Soma nyuma ya pakiti, neno hilo huandikwa. Kimeng'enya kimoja hukatakata protini, kingine mafuta, kingine wanga, vikawa vipande vidogo vinavyoondoka na maji. Mwaka 1913 mkemia Mjerumani, Otto Röhm, alitengeneza dawa ya kulowekea nguo kwa kutumia vimeng'enya vya kongosho la wanyama. Fikra yake ilikuwa kwamba kinachomeng'enya chakula tumboni kitalimeng'enya na doa, na sabuni nyingi za leo bado zinafuata njia hiyo. Ila vimeng'enya huharibiwa na maji yanayochemka. Anayemwagia sabuni hiyo maji ya moto kutoka jikoni ameshaiua kabla nguo haijaingia.

Ziache zilale humo usiku kucha. Asubuhi paka tone la sabuni ya maji ya kuoshea vyombo kwenye kila doa, lisugue kwa kidole tu, kisha fua na usuuze. Inua nguo ikiwa bado imelowa, ielekeze dirishani. Ukiona duara la njano bado lipo, ingia hatua ya pili: dawa ya kung'arisha ya oksijeni, ile ya unga ambayo kiungo chake kikuu ni sodiamu pakaboneti. Ikikutana na maji hutoa haidrojeni peroksaidi, nayo ndiyo inayovunja rangi ya doa. Maji ya baridi huichelewesha, kwa hiyo tumia ya nyuzi 40 hadi 60, na uipe saa sita. Nimeona vifulana vilivyokwisha kukatiwa tamaa vikitoka weupe katika mara ya pili ya kuloweka. Mara ya kwanza vilikuwa vimepauka nusu tu, na hapo ndipo wengi huacha.

Kama kuna nguo ya sufu au hariri, iweke kando. Sufu na hariri zenyewe ni protini, na kimeng'enya hakiwezi kujua kipi ni doa na kipi ni nguo.

Nina mambo mawili mengine, na haya nakusihi. Mwanao wa kwanza sasa anatembea. Beseni la kulowekea liwe mahali asipofika, au chumba kifungwe. Mtoto mdogo anaweza kuzama katika maji ya kina cha sentimita tano, na anazama kimya.

La pili ni vile vidonge vya nondo. Vingi vimetengenezwa kwa nafthalini, na mvuke wake huingia kwenye kitambaa. Wapo watoto wanaozaliwa na upungufu wa kimeng'enya cha damu kiitwacho G6PD, na mara nyingi wazazi hawajui. Mtoto wa namna hiyo akivishwa nguo zilizohifadhiwa na nafthalini, seli nyekundu za damu yake zinaweza kupasuka akapata manjano kali, ya kumpeleka hospitali mbio. Kwa hiyo hata zile nguo zisizo na doa zifue tena, uzianike nje kwenye upepo kwa siku kadhaa. Ikiwa harufu imekataa kutoka, usimvishe mtoto nguo hiyo, hata kama ni nzuri kiasi gani. Ukihifadhi safari nyingine, nguo iwe imelowekwa vizuri, imesuuzwa, imekauka kabisa, bila dawa ya kulainisha na bila nafthalini. Chombo kinachofunga sawasawa kinatosha kuzuia nondo.

Shikamoo mama. Mke wangu amejifungua kwa upasuaji, kwa hiyo mimi ndiye ninayefua. Choo cha mtoto kinavuja kila siku, kinapanda mpaka mgongoni. Nimechemsha maji, nimesugua kwa brashi, nikamwagia dawa ya klorini kwenye nepi zikiwa bado na mkojo. Nilikohoa na macho yakaniwasha. Doa la njano bado liko palepale. Nakosea wapi?

Marahaba baba. Mke apumzike, wewe ufue, umefanya vema.

Nianze na kikohozi, kwa sababu hicho kingeweza kukuumiza. Mkojo uliokaa kwenye nepi hutoa amonia. Klorini ikikutana na amonia hutoka hewa yenye sumu, inayochoma macho na mapafu. Siki na limau nazo zisikutane na klorini, hapo inatoka gesi ya klorini yenyewe. Mimi nguo za mtoto sizitii klorini kabisa. Ukilazimika, nepi iwe imeshasuuzwa mpaka maji yawe meupe, madirisha yako wazi, na mtoto yuko chumba kingine.

Sasa maji ya moto. Nilipojifungua mara ya kwanza, mama yangu alinishonea shali ya pamba. Ikapata damu na choo siku ileile, nami nikaimwagia maji yaliyokuwa yakitokota, nikidhani moto ndio usafi. Doa liligeuka kahawia mbele ya macho yangu na halikutoka tena. Nilikuja kuelewa baadaye kazini: protini ikipata moto huganda, kama ute wa yai unavyoganda kwenye kikaango, na safari hii inagandia ndani ya uzi. Damu, maziwa, choo, vyote vianze na maji ya baridi.

Fanya hivi. Kwangua kilicho juu kwa mgongo wa kijiko. Geuza nguo ndani nje, ishike chini ya maji ya baridi yanayotiririka ili maji yalisukume doa kutoka nyuma, lirudi lilikoingilia. Ukimwagia kutoka mbele unalizamisha. Kisha loweka kwenye maji ya uvuguvugu na ile sabuni ya vimeng'enya, nusu saa kama doa ni bichi, saa kadhaa kama limekauka. Brashi iweke mbali, inavunja nyuzi na kuacha manyoya ambayo doa la kesho litayakalia.

Baada ya hapo itabaki njano nyepesi, na hiyo iachie jua. Anika nguo ikiwa imelowa, upande wa doa uelekee juani. Ikikauka kabla doa halijaisha, inyunyizie maji uirudishe. Njano ya choo cha mtoto anayenyonya inatokana na nyongo, hasa rangi iitwayo bilirubini, na mwanga huivunja bilirubini. Ni rangi ileile inayowafanya watoto wachanga wawe na manjano. Mwaka 1956, katika hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi aliyekuwa akiwatoa watoto juani aliona kwamba ngozi iliyopigwa na jua imepungua unjano, na ile iliyofunikwa haikupungua. Hospitalini humo pia chupa ya damu ya mtoto iliachwa dirishani kwenye jua, na ilipopimwa, bilirubini yake ilikuwa imeshuka. Taa za buluu wanazolazwa chini yake watoto wenye manjano zilitokana na uchunguzi huo. Kila nilipokuwa nikianika vifulana vya wodi ile nilikumbuka kwamba kamba yangu na zile taa zinafanya kazi moja. Siku ya mawingu doa hutoka pia, ila kwa uvumilivu.

Kama bado mna nguo zenye kile choo cha kwanza kabisa, cheusi cha kijani kinachonata kama lami, paka kwanza mafuta kidogo ya kupikia, kikwangue kilegee, kisha sabuni ya vyombo, halafu uendelee kama nilivyosema.

Bibi shikamoo. Mtoto amepewa dawa ya matone ya madini ya chuma. Kila akitema, kitambaa cha kifuani kinabaki na doa jeusi. Klorini imelifanya kuwa jekundu kama kutu.

Marahaba. Ni kutu kweli mwanangu, klorini imeikamilisha. Chuma hakitaki kung'arishwa, kinataka asidi. Kamulia limau, nyunyiza chumvi, acha saa moja, suuza sana, rudia. Nguo ya rangi ijaribu kwanza kwenye pindo la ndani. Na kwa kuwa kitambaa chako kimeshapita kwenye klorini, kisuuze vizuri mno kabla limau halijakigusa. Kuanzia kesho mpe matone kabla ya kumwogesha, akiwa ameshavuliwa, ukielekeza kidude cha dawa ndani ya shavu badala ya katikati ya ulimi. Hatatema nusu ya anayotema sasa.

Shikamoo bibi. Mimi sipendi kabisa kumwona mwanangu na nguo yenye doa, watu watasema mama yake mchafu. Naloweka, natia sabuni mara mbili, natia dawa ya kulainisha inukie. Nguo ni nyeupe, lakini ana vipele vyekundu shingoni, kwapani na kiunoni nguo inapobana. Na kuna fulana moja ya karoti, imebaki na kivuli cha rangi ya chungwa ambacho nimekifua mara tano. Niongeze sabuni, au niendelee na dawa nyingine?

Marahaba binti yangu. Usiongeze kitu. Barua yako ndiyo iliyonikalia moyoni, nimeisoma mara tatu.

Vipele mpeleke kwa daktari avione, mimi sivioni kutoka hapa. Lakini ulivyoeleza vilipo, pale nguo inapobana na jasho linapokusanyika, ningeanza kuishuku sabuni iliyobaki kwenye nyuzi. Jaribu leo: chukua fulana iliyokwisha kufuliwa na kukauka, itumbukize kwenye bakuli la maji safi ya uvuguvugu, ipekeche kwa mkono. Maji yakitoa povu au yakawa na utelezi vidoleni, hiyo ndiyo inayokaa shingoni mwa mtoto mchana kutwa. Punguza sabuni nusu. Suuza mara tatu, na ya mwisho iwe na maji ambayo ungeweza kumnawisha uso kwayo. Dawa ya kulainisha iache kabisa. Inafunika nyuzi kwa utando, nepi ikaacha kunyonya mkojo, na mabaki ya maziwa yakafungiwa ndani. Harufu nzuri mtoto haihitaji. Yeye anaitafuta yako.

Karoti ina rangi inayoyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji, ndiyo maana kufua mara tano hakujaigusa. Paka sabuni ya vyombo kwenye kivuli hicho kikiwa kikavu, acha robo saa, suuza kwa uvuguvugu, anika juani siku mbili. Kitapauka sana, na pengine kitaisha.

Kikibaki, kibaki. Kivuli cha rangi kwenye nguo iliyofuliwa na kusuuzwa hakina uchafu wowote ndani yake, na kila mama aliyelea anakitambua. Nguo ile isuuze kwa mara ya mwisho, ikaukie juani, na kesho mvishe hiyohiyo.