Maneno mia moja yanatosha, ila chunga ya magendo

Lugha yangu ya kwanza ya kubuni ilikufa ikiwa na maneno 1,400 na msemaji mmoja, ambaye naye hakuimudu. Msemaji huyo ni mimi. Nilikuwa na neno la kiwiko, la ukungu, hata la harufu ya vumbi mvua inapoanza kunyesha. Siku nilipotaka kuandika "jana nilichelewa kwa sababu nilipitiwa na usingizi", nikagundua sina namna ya kusema "kwa sababu". Miezi saba yote nilikuwa natunga kamusi tu.

Mara ya pili nikajiwekea mpaka: maneno 120, basi. Wazo hilo sikulianzisha mimi. Toki Pona, lugha ya Sonja Lang iliyotoka mwaka 2001, ina maneno 120 na ushei, na wapo watu wanaopiga nayo soga usiku kucha. Kwa anayeanza, faida ya lugha ndogo ni kwamba utaimaliza. Utaweza kuijaribu ukiwa bado unaipenda.

Kama ningeanza leo, nisingegusa orodha ya maneno kwanza. Ningechukua sentensi thelathini nilizozisema jana kwa kinywa changu: niliomba nini, nilikataa nini, nilimlalamikia nani. Ndani yake utakuta taka, weza, toa, enda, jua, kubwa, hapa, sasa, kama, si. Kiwiko hakimo. Maneno ya kazi hii yanapatikana kwenye maisha ya kawaida, na mengi hayavutii hata kidogo.

Sauti nazo usizipe muda mrefu, ila piga hesabu. Mimi nilichukua konsonanti nane (p, t, k, s, m, n, l, w) na irabu tatu (a, i, u). Ukiziunganisha konsonanti moja na irabu moja unapata silabi 24. Niliitupa "wu" kwa sababu masikioni haiachani vizuri na "u" tupu, na Toki Pona nayo imeikataza, kwa hiyo zikabaki 23. Maneno ya silabi mbili yanayowezekana ni 23 mara 23, yaani 529. Yananitosha mara nne na zaidi, na silabi mojamoja nikazitunza kwa viunganishi.

Hapo nikafanya kosa la kitoto. Kwa kuwa nafasi zilikuwa nyingi, nikadhani ni uungwana kuyafanya maneno yanayohusiana yafanane: "juu" ikawa lupa, "chini" ikawa lupi. Kwenye karatasi yanapendeza. Rafiki yangu niliyekuwa nikijifunza naye akanipigia simu, tukaelekezana mahali kitu kilipo kwa dakika kumi, na kila mmoja alikuwa na hakika anasikia sawasawa. Maneno yanayoweza kukaa nafasi ileile katika sentensi ileile yanatakiwa yatofautiane kabisa. Waweke mbali wapinzani. Wanaoweza kufanana ni "maji" na "fikiri", maana hakuna atakayewachanganya.

Sasa nije kwenye jambo lililonisumbua kuliko yote, ambalo naliita maneno ya magendo.

Ukiwa na maneno machache unaunganisha. Kwangu kupa ni nyumba, nala ni mtu, tiku ni ubovu wa aina yoyote, pamoja na maumivu na ugonjwa. Basi hospitali ikawa kupa nala tiku. Nikafurahi, nikaiandika kwenye daftari la pili nililoliita "misemo". Shule ikafuata, kisha benki, kisha jokofu, kisha wivu. Baada ya wiki sita daftari la kwanza lilikuwa na maneno 120 na la pili lilikuwa na misemo 340. Rafiki yangu akaniuliza swali moja tu: "Na hii misemo, naikariri au naielewa?"

Alikuwa anaikariri. Kwa nini wivu ni "moyo wa jicho" na si "kutaka cha mwingine"? Kwa sababu mimi ndivyo nilivyoandika. Kila msemo ambao mtu hawezi kuubuni mwenyewe wala kuufungua bila kuambiwa ni neno jipya lililopita mpakani bila kulipiwa ushuru. Lugha yangu ya maneno 120 ilikuwa na maneno 460.

Sikuwa wa kwanza kunaswa hapo. Charles Kay Ogden, msomi wa Uingereza, alipotoa Kiingereza chake kilichorahisishwa cha maneno 850 mwaka 1930, alibana vitenzi hadi vikabaki 18, kisha kazi za vitenzi vingine akazibebesha mchanganyiko wa hivyo vichache na maneno madogo ya mahali na mwelekeo. Wakosoaji wakasema mchanganyiko wenyewe unapaswa kujifunzwa mmojammoja. Anayezungumza Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi. Hesabu kitenzi "piga" kuwa neno moja, halafu mweleze mgeni piga simu, piga pasi, piga deki, piga picha, piga magoti, piga hodi. Je, amejifunza neno moja au sita?

Dawa niliyoipata ni kulichana daftari la pili. Kila mtu auunde msemo wake papo hapo, kwa kadiri ya alichonacho mbele yake. Hospitali inaweza kuwa nyumba ya wagonjwa kwa anayeipita njiani, na mahali pa kupona kwa aliyetoka huko jana. Mnapoongea, msikilizaji anajua mnaongelea nini. Zipo lugha zilizochagua njia nyingine: Kiesperanto, alichokichapisha Zamenhof mwaka 1887, kina malsanulejo, hospitali, na unaweza kulivunja vipandevipande: mal kinyume, san uzima, ul mtu, ej mahali, o alama ya nomino. Inapendeza, lakini vipande hivyo vinabeba mzigo kwa sababu maana zake hazibadiliki. Ukitaka njia hiyo, hesabu viambishi vyako pamoja na maneno.

Hata ukichana daftari, swali moja linabaki, na hili ndilo naona wengi wanaliruka. Kupa nala tiku inaweza kuwa nyumba ya mtu mgonjwa. Inaweza pia kuwa nyumba ya mtu ambayo yenyewe ni mbovu. Kiswahili kimeshalitatua hili bila sisi kutambua: "kitabu cha mwalimu mzuri" na "kitabu cha mwalimu kizuri" havigombani, ngeli zinaamua. Lakini sema "mtoto wa mwalimu mgonjwa", ngeli zinafanana, na hujui nani apelekewe uji. Ngeli ni mashine nzuri ila ni ghali kwa lugha ndogo. Toki Pona inatumia neno dogo moja, pi, linalofunga maneno yanayofuata kuwa fungu moja: jan pona mute ni watu wengi wazuri, jan pi pona mute ni mtu mwenye wema mwingi. Nikaiga bila aibu. Kwangu kupa la nala tiku ni nyumba ya mtu mgonjwa, na utata ukaisha. Silabi moja ilinifaa kuliko maneno thelathini niliyokuwa nimepanga kuongeza.

Tarakimu: moja, mbili, tano, nyingi. Kuhesabu fedha kwa lugha hii ni mateso, na mimi nimekubali.

Jaribio la kweli ni mtu wa pili. Peke yako utajielewa daima, kwa kuwa unakumbuka ulichokusudia. Mtumie aya tano, akutafsirie bila kukuuliza, kisha tazama alipopotea. Akikosa neno lilelile mara tatu kwa siku tofauti, liongeze. Neno ambalo hamjaligusa kwa mwezi, lifute. Sisi tulifuta "nyota", "mfalme" na "bahari" tukaongeza "nusura" na "tena", na leo hatujauvuka mpaka wa 120.

Juzi rafiki yangu aliandika kwamba anataka neno la kumkumbuka mtu aliye mbali. Nikamkatalia. Baada ya saa moja akaniletea sentensi: "Nakaa na mtu ambaye hayupo." Nilitaka kuinakili kwenye daftari, nikakumbuka nimelichana.