Memba wamechoka na wingi wa barua pepe? Jaribuni mada kabla ya kuivunja listi

Mkuu, umesema listi ya chama chenu ipo kwenye Mailman 2.1, ile programu ya kuendesha listi za barua pepe, memba wanalalamika barua zinamiminika kutwa nzima, na mnafikiria kuivunja ziwe listi nne: ajira, mafunzo, vikao na mambo ya kijamii. Msiivunje kwanza. Nasimamia listi ya wahandisi tuliosoma pamoja, wengi tuko hapa Dar na wengine wametawanyika mikoani, na ugomvi huo tumeupitia. Kilichotuliza mambo ni sehemu ya Topics, yaani mada, kwenye kurasa za msimamizi, ambayo wengi huipita bila hata kuifungua.

Unaunda mada, unaipa jina, maelezo mafupi na ruwaza ya maneno (regular expression), yaani kielelezo cha maneno ya kutafutwa. Barua ikiingia, Mailman inapitisha ruwaza hiyo kwenye kichwa cha barua (Subject), na kwenye mstari wa Keywords, yaani maneno muhimu, kama upo. Ikioana, barua inagongwa jina la mada kwenye kijajuu cha X-Topics (vijajuu ni mistari ya taarifa inayotangulia barua), na waliochagua mada hiyo wanapelekewa. Herufi kubwa na ndogo haijali. Asiyechagua mada yoyote anaendelea kupata kila kitu kama zamani, kwa hiyo siku ya kuwasha hakuna atakayeshtuka. Hifadhi ya listi nayo inabaki na barua zote.

Shughuli iko kwenye ruwaza, hasa kwa sisi tunaoandikiana Kiswahili. Ukiweka kazi peke yake, umezoa makazi, mkazi na wafanyakazi. Ukiweka maji, utaletewa majibu, majina na majirani. Dawa yake ni \b, alama ya mpaka wa neno, kila upande: \bkazi\b. Ila ukishabana hivyo, wingi unakuponyoka, kwa sababu maneno yetu yanabadilika mwanzoni. \bkikao\b haioni vikao, na kikaoni pia haioni. Kwa hiyo unaandika kila umbo, | ikiwa na maana ya "au", na (ni)? ikimaanisha "ni" iwepo au isiwepo:

\b(kikao|vikao|mkutano|mikutano)(ni)?\b

Hapo ni mada moja tu. Sisi tulichoka kukimbizana na maneno tukahamia kwenye lebo: anayetuma anaanza kichwa cha barua na [AJIRA], [MAFUNZO] au [KIKAO]. Angalia sana mabano ya mraba, maana nimeona listi za watu wawili watatu zikiwa na kosa hili. Kwenye ruwaza mabano yana kazi nyingine. Ukiandika [ajira] hivihivi, Mailman inaelewa "herufi yoyote kati ya a, j, i na r". Sasa nitajie kichwa cha barua cha Kiswahili kisicho na a. Kila kitu kitakuwa ajira. Andika \[ajira\], ile \ inayafanya mabano yasomwe kama mabano ya kawaida.

Kuna njia ya pili, ya kuweka Keywords: ajira kama mstari wa kwanza ndani ya barua yenyewe. Mailman ikiachwa ilivyo inapekua mistari 5 ya mwanzo, na namba hiyo unaweza kuibadilisha, lakini inaacha kupekua ikikutana na mstari usio na sura ya kijajuu. "Habari za asubuhi ndugu zangu, natumaini hamjambo" inatosha kuikatisha. Na Mtanzania gani anaanza barua bila salamu? Kwetu njia hii haikudumu.

Jambo la kulikalia macho zaidi ni hili. Kwenye ukurasa wa mipangilio ya memba, chini ya orodha ya mada, kuna swali: je, upokee barua zisizooana na mada yoyote? Jibu lililokwishawekwa ni hapana. Swali hilo halifanyi kitu mpaka memba achague angalau mada moja, na hapo ndipo watu wanaponaswa bila kujua. Kaka yetu mmoja mkubwa alichagua ajira pekee, akahifadhi, akafunga ukurasa. Baadaye mwenzetu akafariki, aliyetuma taarifa alikuwa na haraka, akaandika "Mwenzetu hatunaye" bila lebo. Kaka akaja kusikia watu wameshatoka maziko Kinondoni. Aliyoyasema kikaoni siyaandiki hapa, ila alikuwa na haki. Huwezi kumwambia mtu mzima kwamba kompyuta ilifikiri hahitaji tanzia.

Tangu hapo tanzia kwetu haina mada na haitakuwa nayo. Barua ya kumkaribisha memba inamwambia waziwazi: ukichagua mada, swali la mwisho lijibu ndiyo. Wazee wetu wasiopenda mambo ya nywila, naingia mwenyewe kwenye ukurasa wao kwa nywila ya msimamizi na kuwawekea, baada ya kuwauliza. Inachosha, lakini simu za lawama zinachosha zaidi.

Wanaopokea kwa mkupuo, yaani barua nyingi zikiunganishwa kuwa moja, mada haziwasaidii. Mchujo unafanya kazi kwa barua za mojamoja tu. Kama nusu ya chama chenu wako kwenye mkupuo, basi kuvunja listi kuna mantiki, sibishi.

Tabia mtakayopambana nayo ni ya mtu kufungua barua ya zamani, kubonyeza jibu, na kuandika jambo jipya kabisa bila kugusa kichwa. Mwaliko wa harusi unasafiri chini ya "Re: [AJIRA] Fundi sanifu, Chalinze" na unawafikia wanaotafuta kazi pamoja na wale wanaopokea kila kitu, basi. Hakuna ruwaza ya kutibu hilo. Mimi humwandikia mhusika pembeni, kwa upole, na barua nairudisha hewani ikiwa na kichwa sahihi.

Anzeni na mada tatu. Nne mkizidiwa. Nimeona listi yenye mada kumi na kitu, memba akifungua ukurasa anaona msitu wa visanduku na anaondoka bila kuchagua chochote, maana yake anaendelea kupokea barua zote na kulalamika vilevile. Mkishaandika ruwaza zenu zibandikeni hapa kabla ya kuziwasha, mimi na wakuu wengine tutazipitia.