Maswali ya Kombi: Ekzosi Inayovuja

Safari hii barua nyingi ni za ekzosi (mabomba ya kutolea moshi), na nyingi kati ya hizo hazisemi gari ni la mwaka gani wala lina injini ipi. Kombi za Volkswagen za kupozwa kwa upepo, yaani zisizo na rejeta ya maji, zina injini mbili tofauti. Kuna ile ya 1600 yenye feni iliyosimama, ndugu wa injini ya Beetle, na kuna ile bapa iliyoanza kwenye modeli ya 1972 na cc 1700, ikafuata 1800, kisha 2000. Ekzosi zake hazifanani, hata gasketi haziingiliani. Asiyetaja injini safari ijayo simjibu.

Shikamoo fundi. Kombi yangu ya 1974, injini 1600, asubuhi nikiwasha inagonga tik-tik-tik upande wa kulia. Ikipata moto inapungua. Fundi ameshaset tapeti mara tatu, hakuna nafuu. (Tanga)

Marahaba. Mwambie aziache tapeti, zile za kufungua valvu. Kama aliset mwanya wa milimita 0.15 injini ikiwa baridi kabisa, kazi yake imekwisha. Sauti inayopungua gari likipata moto mara nyingi ni ya ekzosi: chuma kinatanuka na kuubana ule mwanya. Usidhani umejiziba.

Kesho asubuhi, kabla hujawasha, lala chini na tochi utazame pale bomba linapokutana na hedi (kichwa kinachofunika silinda). Panapovuja huwa na masizi meusi yaliyotawanyika kama yamepulizwa, tofauti na uchafu wa oili unaong'aa na kunata. Kisha washa, na mtu mwingine abane mdomo wa bomba la nyuma kwa kitambaa kinene, sekunde chache tu. Moshi ukikosa njia ya nyuma utatokea kwenye tundu, na utausikia. Ukitaka uhakika zaidi, zima gari lipoe, kaombe upepo kwa fundi pancha, uingize mpira kwenye bomba la nyuma na kuzungushia matambara. Upepo uwe kidogo. Paka maji ya sabuni kwenye kila kiungo. Povu halidanganyi.

Kama hakuna kiungo kinachotoa povu na tik-tik ipo, hasa ukipanda mlima, basi huenda hedi inavuja pale inapokalia silinda. Hapo acha kuendesha.

Naweza kuziba kwa gamu ya ekzosi? (Mombasa, Morogoro, Kisumu, na wengine)

Kwenye hedi, hapana. Kwenye sailensa, ikufikishe nyumbani tu. Nimeshajibu hili mara nyingi, tafadhali.

Tunaishi Limuru, baridi ni kali. Nikifungua hita watoto wanalalamika kichwa na mmoja husinzia. Harufu ya moshi si kubwa. Kombi ni ya 1973, 1600. Nibadilishe sailensa?

Usibadilishe kitu kwanza. Funga hita, fungua madirisha, na watoto wasipande gari hilo tena mpaka litengenezwe. Mtoto aliyesinzia apelekwe hospitali, na daktari aambiwe kuhusu moshi.

Hita ya Kombi haina rejeta. Feni ya injini inasukuma hewa kwenye maboksi mawili yaliyozunguka mabomba ya ekzosi, hewa inapata joto la bomba, halafu inakuja miguuni mwenu. Kati ya moshi na pua ya mtoto kuna ukuta mmoja wa chuma cha zaidi ya miaka hamsini. Kutu ikitoboa ukuta huo, hita inakuwa bomba la pili la moshi, na mdomo wake uko ndani ya gari.

Hiyo "harufu si kubwa" ndiyo inayonitisha. Gesi yenyewe, kaboni monoksaidi, haina harufu wala rangi. Ni ileile ya jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Inashikamana na damu kwa nguvu inayozidi ya oksijeni zaidi ya mara 200. Kichwa kinachouma mkiwa garini na kupoa mkishuka ni dalili tosha.

Maboksi yashushwe yote mawili. Ganda la nje likiwa na kutu utapoteza joto tu, hilo linavumilika. Bomba la ndani ndilo la kupimwa: ziba upande mmoja, puliza upande wa pili, weka maji ya sabuni. Lenye tundu ni skrepa. Msikubali kiraka, kwa sababu hakuna anayeweza kukikagua kikishafichwa ndani ya ganda. Wakati mnatafuta maboksi mazima, fungeni mabomba matupu yasiyo na hita na mzibe yale matundu mawili ya hita kwenye nyumba ya feni, maana yakiachwa wazi mnamwaga hewa ya kupoza injini. Watoto wavae masweta.

Na wanaonunua Kombi mwaka huu: muuzaji akisema "hita haifanyi kazi lakini huku kwetu huihitaji", inama uangalie maboksi hata hivyo.

Kombi yangu ya 1986 ina rejeta mbele. Ekzosi inavuja wapi mara nyingi?

Yenye rejeta si ya upepo. Muulize fundi wa Kombi za maji.

Fundi amekata stadi ya ekzosi (ile bolti isiyo na kichwa inayoshika bomba) silinda namba 3, imebaki ndani ya hedi. Anataka kutoboa na kupachika bolti kubwa bila kushusha injini. Nimruhusu? Injini 1600. (Dodoma)

Mnyang'anye drili. Namba 3 ni ya mbele kushoto, na injini ikiwa garini drili haiwezi kusimama sawa. Itateleza kutoka kwenye chuma kigumu cha stadi na kuingia kwenye alumini laini ya hedi, na hapo hasara inakuwa hedi nzima.

Kama kimebaki kichomozo hata cha milimita chache, injini ikishashushwa wekeni nati juu yake, chomeleeni katikati ya tundu la nati, iache ipoe kidogo, halafu zungusheni taratibu, mbele na nyuma. Joto ndilo linaloachisha kutu. Ikiwa imekatikia ndani kabisa, hedi iende kwa mkereza vyuma aitoboe katikati, aweke kola ya thredi (kibomba chenye thredi ndani), na stadi mpya ya milimita 8 kama ya mwanzo. Bolti kubwa ya kulazimisha ndiyo inayopasua hedi.

Wakati wa kurudisha: gasketi mpya zote, maana ikishabanwa mara moja haifai tena. Nati za shaba, na grisi ya shaba kwenye thredi. Pachika vyote vikiwa vimelegea, uhakikishe flanji (sahani za mwisho wa mabomba) zinakaa bapa zenyewe, ndipo ukaze nati za ekzosi kwenye hedi kidogo kidogo kwa kupokezana, mpaka nyutoni-mita kama 20. Klampu za sailensa ziwe za mwisho. Sailensa nyingi za bei rahisi hazilingani na hedi, na fundi huzivuta kwa nati mpaka zikubali. Nina shaka kubwa kwamba stadi yako ilianzia kuumia hapo.

Nikiachia mafuta kwenye mteremko inapiga mabomu nyuma. Ni kabureta? (Iringa, 1600)

Anza na ekzosi. Kiungo kinachovuja huvuta hewa ndani, na petroli isiyoungua inawakia kwenye sailensa. Kisipovuja popote, ndipo uende kwenye kabureta na taimingi (wakati wa cheche za plagi).

Mimi huegemeza mfuniko wa injini wazi ili ipoe, na mabati ya pembeni niliyaondoa. Lakini sasa moshi unaingia ndani. (Dar es Salaam)

Umejijibu. Mabati na raba zake yanatenganisha hewa safi ya juu na joto la ekzosi chini. Ukiyaondoa, feni inavuta joto hilo pamoja na moshi na kuupitisha tena juu ya silinda. Injini inazidi kuchemka na wewe unazidi kufungua. Rudisha kila bati, raba mpya pembeni, funga mfuniko. Hewa yake inaingilia kwenye matundu ya ubavuni, hapo ndipo pasizibwe. Mlango wa nyuma nao usiendeshe ukiwa wazi, unavuta moshi wote ndani.

Fundi welding anasema atachomelea sailensa ikiwa garini, dakika kumi tu. Ni sawa?

Hapana. Tangi la petroli liko mbele tu ya injini, mipira ya petroli inapita hapohapo, na bloku ya injini ina magnesiamu, ambayo ikishika moto ukaimwagia maji inawaka zaidi. Ishushwe, ichomelewe nje. Akikataa, kuna fundi mwingine mtaa wa pili.