Jibu: Kwa nini neno moja la Kirusi lina miisho mingi?

Ndugu, umeuliza kwa nini "shule" kwenye kitabu chako mara ni shkola, mara shkolu, mara shkole. Hujakosea kusoma, ni neno lile lile. Kirusi kina hali 6 za nomino, na mwisho wa neno ndio unaoonyesha kazi yake katika sentensi.

Sisi "niko shuleni" na "naenda shuleni" ni shuleni ile ile. Mrusi anatenganisha: ya v shkole (nipo), ya idu v shkolu (naenda). Hiyo v, yaani "kwenye", haijabadilika, mwisho tu.

Sasa tazama: sobaka kusayet malchika, mbwa anamng'ata mvulana. Geuza: malchika kusayet sobaka. Bado mbwa ndiye mng'ataji, maana mvulana kwa kawaida ni malchik, na hiyo -a ya mwisho inaonyesha ndiye aliyeng'atwa! Kiswahili ukigeuza hivyo, mvulana anaishia polisi.

Jedwali zima usilikariri, mimi lilinitoa jasho bure. Anza na hali ya mtendwa (kama shkolu na malchika) na ya mahali (kama shkole), kwa sentensi fupi fupi. Kisha nenda kwenye ya umiliki, maana ndiyo hiyo hiyo utakayotumia kusema huna kitu: u menya net knigi, sina kitabu.